Ndege ya Adui Yafichua Siri Zake

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa Marekani waliopigana na Wajapani waliiogopa sana ndege iitwayo Zero. Ilikuwa nyepesi mno, na katika mapigano ya kufukuzana angani iligeuka upesi kuliko ndege zao zote.

Tarehe 4 Juni 1942 Wajapani waliishambulia Dutch Harbor, Alaska. Risasi ikatoboa bomba la oili la Zero ya rubani kijana, Tadayoshi Koga. Akaelekea kisiwa cha Akutan, akaona uwanda wa majani, akatoa magurudumu ili atue. Kumbe chini ya majani yale palikuwa na tope! Magurudumu yakanasa, ndege ikapinduka, na Koga akafa. Wenzake walikuwa wameamriwa kuiteketeza Zero yo yote iangukayo katika nchi ya adui. Lakini walidhani kwamba labda mwenzao yu hai ndani yake, wakashindwa kuipiga, wakaenda zao.

Mwezi wa Julai ndege ya doria ya Marekani iliiona, nayo ikapelekwa kwa meli hata San Diego, California. Mafundi wakatengeneza ncha za mabawa, mkia na kifuniko cha rubani, wakaichora alama za Marekani. Mwezi wa Septemba Luteni-Kamanda Eddie Sanders akairusha.

Je, aliona nini? Kabureta yake ilikuwa ya boya. Rubani akiiinamisha pua ghafula, petroli hurushwa juu, kama chai kikombeni gari litumbukiapo shimoni, na injini hukatika. Tena, ikipita maili 230 kwa saa, usukani wa kuilaza ubavu huwa mzito mno, na kuilaza kulia ni kugumu kuliko kushoto. Basi marubani wakafundishwa hivi: ukifuatwa na Zero, usishindane nayo kwa kuzunguka, inamisha pua kwa nguvu, shuka kwa kasi, kisha geuka kulia. Haiwezi kukufuata.

Wako wasemao kwamba ndege ya Marekani iitwayo Hellcat ilibuniwa kutokana na Zero hiyo. Si kweli, kwani Hellcat ya kwanza iliruka Juni 1942, kabla Zero haijaonekana.

Zero ya Koga haikurudi vitani. Mwezi wa Februari 1945, ikiwa chini uwanjani San Diego, iligongwa kwa nyuma na ndege nyingine ya Marekani, na rafadha ya ndege hiyo ikaikatakata vipande.