Kukunja utepe wa aluminiumu kwa paa la remorki

Wandugu wanachama, remorki yenye paa la mviringo inateremsha maji vizuri, lakini mvua inapenya pale paa linapokutana na ubavu. Mahindi yakilowa mule ndani yanaota ukungu, na sumu yake haiishi hata ukipika. Ndiyo maana ule utepe wa ukingoni tunautengeneza kwa uangalifu.

Aluminiumu ngumu ukiilazimisha inapasuka. Tuilainishe kwanza: paka sabuni ya kufulia upande wa juu, pasha moto wa makala kwa chini, polepole. Sabuni ikigeuka nyeusi, ondoa mara moja. Usingoje iwe nyekundu kama chuma. Aluminiumu haikuonyeshi rangi, kwa digri 660 inayeyuka tu. Wale wanaotengeneza masufuria wanajua hiyo.

Ikipoa, ikunje kidogo kidogo juu ya ubao uliokatwa kwa umbo la paa, na nyundo ya mti. Pitisha kidogo, maana inarudi. Paka silikoni chini yake, anza kufunga katikati, halafu enda pande zote mbili. Riveti ziwe za aluminiumu: karibu na msumari wa chuma, maji yakikaa, utepe unalika.