SOMO LA AFYA: Usikimbie mbio ndefu na tumbo tupu



Ukipita Kajaga asubuhi, kandokando ya Ziwa Tanganyika, utakutana na vijana wakikimbia kuelekea Gatumba. Jambo hilo ni jema. Mrundi Vénuste Niyongabo alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Mwaka 2016 huko Rio, wakimbizi watano waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya, walishindana katika riadha. Huenda hata wewe, au mwanao, una ndoto kama hiyo.

Lakini wengi hukimbia bila kula chochote tangu jana yake. Je, unajua kwamba mbio ndefu na njaa, vikikutana, huutesa mwili na kugusa hata kinga yake?

Kuna nini mwilini?

Ugali, mihogo, wali, viazi vitamu na ndizi ni vyakula vya wanga. Mwili huugeuza wanga kuwa sukari ya damu, na nyingine huiweka akiba katika ini na misuli. Ukikimbia kwa nguvu zaidi ya saa moja na nusu, akiba hiyo hupungua sana. Mwili huona hatari na kutoa kwa wingi homoni iitwayo kotisoli. Homoni hii husaidia kupata sukari, lakini ikizidi hutuliza kazi ya baadhi ya chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wetu dhidi ya magonjwa. Hali hiyo huweza kudumu saa kadhaa.

Wataalamu waliona nini?

Mwaka 1982, huko Cape Town, watafiti waliwafuatilia wakimbiaji wa mbio za kilomita 56. Katika wiki mbili baada ya mbio, 33 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za mafua au maumivu ya koo. Kwa watu wa nyumba zao wasiokimbia, walikuwa 15 tu kati ya 100.

Baadaye, majaribio yalionyesha kwamba mkimbiaji anayepata wanga wakati wa mbio ndefu hutoa kotisoli kidogo kuliko anayekunywa maji matupu. Lakini tusidanganyane: wanga si dawa wala chanjo. Haijathibitika kwamba unazuia mafua. Usingizi, msongamano na mikono michafu navyo vina sehemu yao.

Wala usidhani ni lazima kununua vyakula vya ghali. Wakimbiaji 10 bora wa Kenya walipochunguzwa, matokeo yakatolewa mwaka 2004, zaidi ya robo tatu ya nguvu zao ilitokana na wanga, hasa ugali.

Ufanye nini?

1. Jioni kabla ya mbio ndefu, kula ugali au mihogo pamoja na maharage, ndagala na mboga.

2. Asubuhi, kunywa uji au kula ndizi, kisha subiri kidogo.

3. Mbio zikiwa chini ya saa moja, maji yanatosha. Zikizidi saa moja na nusu, tafuta gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja kubwa, au vijiko 6 vya chai vya sukari katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa, hukupa karibu gramu 30.

4. Ukirudi, kula mapema. Usingoje jioni.

5. Ukiwa na homa, usikimbie. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukapimwe malaria.

Angalizo: Kinywaji hicho cha mkimbiaji usimpe mtu anayeharisha, kwani sukari yake ni nyingi mno. Anayeharisha apewe ORS. Ikikosekana, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 nzima ya maji safi. Maji ya ziwani usiyanywe bila kuyatibu. Mwenye kisukari amwone mganga kwanza.

Na mgawo ukiwa mdogo?

Mgawo kamili hupangwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kijana wa kilo 60 akikimbia kilomita 18 hutumia kama 1,000, yaani karibu nusu. Mgawo ukipunguzwa, hesabu hiyo haitimii. Kwa hiyo usichukue chakula cha mtoto wala cha mama mjamzito ili ukimbie. Punguza mbio: dakika 30 hadi 40 za mwendo wa wastani, mwendo ambao bado unaweza kuongea na mwenzako, hujenga mwili bila kuumaliza. Mbio ndefu zingoje siku ambayo chakula kipo.

Kumbuka: kinga ni bora kuliko tiba. Mweleze na jirani yako.