Akaunti ya Bure na Wajibu Wake: Mfano wa Ramani ya OpenStreetMap

Utangulizi

Haba na haba, walinena wahenga, hujaza kibaba. Methali hii inaeleza vyema jinsi hazina za data za kijamii zinavyojengwa kwenye intaneti: kila mchangiaji hutia chembe yake, na umma mzima huchota. Mojawapo ya hazina hizo ni OpenStreetMap, ramani ya ulimwengu iliyoasisiwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka wa 2004. Kuitazama hakuhitaji usajili wowote. Kuichangia kunahitaji akaunti, nayo hutolewa bila malipo. Makala haya yanaeleza namna ya kuifungua na kuonyesha kwamba bure haimaanishi kukosa wajibu.

Umuhimu wa Mchango wa Wenyeji

Mtaa wa Kibera jijini Nairobi ni mfano mwafaka. Hadi mwaka wa 2009, mtaa huo uliojaa watu ulikuwa karibu mtupu katika ramani hii. Mnamo Novemba mwaka huo, mradi wa Map Kibera uliwashirikisha vijana 13 wa mtaa wenyewe. Walifunzwa kutumia vifaa vya GPS, wakapita vichochoroni wakinakili zahanati, shule, vituo vya maji na vyoo. Picha ya setilaiti huonyesha paa; haisemi iwapo chini yake pana shule au duka, wala wakazi hupaitaje. Hayo huyajua mwenyeji.

Hatua za Kufungua Akaunti

Kwanza, anayejisajili hutoa anwani ya barua pepe, hujichagulia jina la kutumia na kuunda neno la siri, ambalo baadhi ya waandishi huliita nywila. Pili, husoma na kukubali masharti ya wachangiaji. Tatu, hufungua barua pepe yake na kubonyeza kiungo alichotumiwa ili kuthibitisha kwamba anwani ni yake.

Hatua ya pili ndiyo wengi huiruka, ilhali ndiyo yenye uzito. Kwa kukubali, mchangiaji huipa OpenStreetMap Foundation ruhusa ya kudumu, isiyoweza kubatilishwa, ya kutumia mchango wake. Tangu Septemba 2012, data hiyo hutolewa chini ya leseni ya ODbL: yeyote anaweza kuitumia, hata kibiashara, mradi ataje chanzo, na akisambaza hifadhidata aliyoiboresha, aitoe chini ya leseni iyo hiyo. Isitoshe, kila badiliko huonekana hadharani pamoja na jina lililochaguliwa. Akaunti ikifungwa, michango hubaki. Kwa hiyo, ni busara kuteua jina kwa makini. Si lazima liwe jina halisi.

Wajibu huo unawahusu wengine pia. Kunakili kutoka ramani nyingine zenye hakimiliki ni kosa. Vilevile, haifai kuandika majina ya watu katika nyumba zao, kwani Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinalinda faragha ya kila mtu.

Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Ramani hii huruhusu mahali pamoja kuwa na majina katika lugha mbalimbali, na Kiswahili kina nafasi yake. Hapa mwanafunzi wa lugha ana kazi: kuhakiki tahajia na kuongeza majina yanayotumiwa na watu, kama vile Mlima Kenya. Hata hivyo, kazi hiyo si kutafsiri kiholela. Anayeigeuza Westlands kuwa "Ardhi za Magharibi" hajaikuza lugha, amempoteza msafiri.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kufungua akaunti ya bure ni sawa na kutia sahihi. Asiyesoma masharti hutia sahihi gizani. Anayeyasoma hutoa akijua anachotoa. Jamii isiyojiandikia majina ya mahali pake huandikiwa na wengine, au huachwa tupu kama ilivyoachwa Kibera.