Somo: Rangi Zenye Kapsuli za Kuzuia Kutu



Katika mali ya chama cha msingi yumo mlaji asiyeandikwa katika daftari la wadaiwa, naye ni kutu. Hula mabati ya ghala, mizani na mitambo ya kukobolea kahawa. Rangi ya kawaida hukikinga chuma kwa kukifunika tu; ikichubuliwa na toroli, kinga ya mahali pale imekwisha.

Kwa miaka mingi mafundi wa viwandani walitia kromati katika rangi ya kwanza. Kromati huzuia kutu hata rangi inapochubuka, lakini ni sumu iletayo saratani, na Umoja wa Ulaya umeiwekea masharti makali. Dawa nyingine, zikichanganywa hivi hivi na rangi, mara nyingi huvuja mapema au huiharibu rangi yenyewe. Ndipo likaja wazo la kuifungia dawa ndani ya ganda.

Mwaka 2006 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Potsdam, Ujerumani, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Aveiro, Ureno, walieleza jaribio lao juu ya aloi ya alumini itumikayo katika ndege. Walichukua chembe za silika zenye upana wa nanomita 70 hivi. Chembe zaidi ya 14,000 zikipangwa mstari mmoja hutoshea katika milimita moja. Walizifunika kwa tabaka za polima zenye chaji ya umeme, na kati ya tabaka hizo wakaweka dawa iitwayo benzotriazoli.

Kapsuli hizi huitwa “zenye akili”, na jina hilo lisitutishe. Metali inapoanza kuliwa, unyevu wa mahali pale hubadilika: sehemu moja huwa na asidi, na ya jirani huwa na alkali. Badiliko hilo hulegeza ganda, dawa ikatoka na kugandama juu ya metali kama utando mwembamba. Uharibifu ukitulia, unyevu hurudia hali yake, ganda hujifunga, na dawa iliyobaki husubiri siku nyingine.

Katibu atakayeletewa rangi ya namna hii aulize kwanza imetengenezwa kwa metali gani, kwa kuwa dawa ifaayo aloi ya alumini au shaba si lazima ifae chuma. Ajue pia kwamba dawa ikiisha ndani ya ganda haijazwi tena, na kwamba kapsuli huponya mikwaruzo midogo, si bati lililotoboka. Ghala la mbolea lina shida zaidi, maana chumvi za kloridi zilizomo katika baadhi ya mbolea huharakisha kutu. Na kutu ya zamani haina budi kukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa kabla ya kupaka. Gharama ya kazi hiyo iingizwe katika makisio ya mwaka pamoja na bei ya rangi.