MTU ANAYEJIFANYIA KAZI NA AKILI BANDIA



Katika fasi hii ya masomo tunataka kusema juu ya kazi, lakini si kazi ya ofisi. Sisi wa darasa la sita, Mungu akipenda, tutapata diploma ya Leta, na wengi wetu tutaiweka ndani ya sanduku. Hapa Butembo na Beni kazi ya mushahara iko kidogo sana, wote munajua. Ndiyo sababu wakubwa wetu wanajifanyia kazi wenyewe. Kuko mwenye kupiga mashine na kutoa fotokopi kando ya barabara, kuko mpiga picha wa ndoa, fundi wa kushona, seremala, mwenye kutengeneza telefone, deklaranti wa Kasindi, na mtafsiri ambaye shirika linamwita siku tatu kisha anarudi nyumbani kungojea tena. Hawa hawana patron. Kila asubuhi wanatafuta mteja. Hata Mtume Paulo alikuwa wa namna hiyo, maana kule Korinto alishona hema pamoja na Akila na Prisila.

Sasa wengi wao wameanza kutumia ile ambayo kwa Kifaransa wanaita IA, ni kusema akili bandia. Wengine wanaiogopa kama itawanyanganya mkate. Tujifunze basi.

Akili bandia hii ni programu iliyosomeshwa maandiko mengi sana, mpaka inaweza kukisia neno gani linafuata lingine. Ile inayojulikana zaidi, ChatGPT, ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022. Haichunguzi kwanza kama jambo ni la kweli, inatoa maneno yanayofanana na ya kweli, na inayatoa bila kusitasita. Tena haikujifundisha peke yake. Mwezi wa kwanza 2023, gazeti Time la Marekani lilionyesha kama vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa moja kusoma maneno machafu na ya kutisha, ili ChatGPT ifundishwe kuyakataa. Hao nao wanatafuta mkate kama sisi.

Tuchukue kwanza mwenye kupiga mashine. Papa mmoja anakuja, anataka barua ya kuomba kazi ao ya kuomba mtoto wake apunguziwe minervali. Zamani kuitunga barua hiyo kwa Kifaransa kizuri ilikuwa nusu saa, na watu walilipa sababu ya Kifaransa kile. Leo mashine inatunga kwa dakika moja. Je, mwandishi atauza nini? Sisi tunafikiri atauza masikio yake. Barua ya mashine inafaa kwa kila mtu, kwa hiyo haifai sana kwa huyu papa. Haijui kama alifanya kazi miaka kumi na moja ku depo ya kahawa, wala kama mtoto alikosa masomo sababu familia ilikimbia kutoka Oicha. Mwandishi mwenye akili atakaa na papa, atamuuliza, ataandika majibu, kisha ataiambia mashine itunge kwa kufuata majibu hayo tu. Halafu atamsomea papa barua yote kwa lugha yake mbele ya kutia sahihi. Katika Waroma sura ya 16 kuko Tertio, aliyeshika kalamu na kuwasalimia ndugu, lakini barua ilikuwa ya Paulo. Mteja anapaswa kuikuta sauti yake ndani ya barua, si ya mashine wala ya mwandishi.

Jambo la pili ni hesabu na sheria, na hapa ndipo watu wengi wanaanguka. Tuseme seremala wa Kimemi anaombwa devi ya mabanki 30 ya shule. Banki moja: mbao dola 12, misumari na verni dola 2, kazi ya mkono dola 6, jumla dola 20. Mabanki 30 ni dola 600. Anaiambia mashine kwa Kifaransa imuandikie devi nzuri. Inaandika vizuri kweli, na kichwa cha karatasi na mistari, lakini chini inaongeza TVA ya 20 kwa mia, dola 120. Sababu gani? Kwa sababu Kifaransa kingi ilichosomeshwa ni cha Ufaransa, na kule TVA ni 20. Hapa kwetu TVA ilianza mwaka 2012 na ni 16 kwa mia, na tena fundi mdogo hayumo hata ndani ya TVA. Mteja akiona dola 720 anaenda kwa seremala mwingine, na huyu wa kwanza hatajua kwa nini.

Ni vilevile kwa kujiandikisha. Ukiuliza bila kusema nchi, inaweza kukuelezea karatasi za Ufaransa. Kumbe Kongo yetu iko ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya OHADA ina fasi ya mtu mdogo anayejifanyia kazi, anayeitwa « entreprenant ». Huyo anatoa tangazo lake ku RCCM, basi. Kwa hiyo anza kila swali kwa kusema: niko Butembo, Nord-Kivu, RDC. Na jibu la sheria ao la feza, ulipeleke kwa mtu anayejua.

Sasa lugha. Kiswahili kimo ndani ya mashine, lakini ni kile cha pwani. Inaandika « ankara » fasi ya fakture, na mama wa soko atauliza kama ni kitambaa ao ni muji wa Uturuki. Kampuni Meta, mwaka 2022, ilitoa programu ya kutafsiri lugha 200, Kinande hakimo. Wengine wanasikitika. Sisi tunaona hapo kuko kazi kwa mwenye kujua Kinande, Kiswahili cha hapa na Kifaransa sawasawa.

Na si kazi ya mchezo. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 wakafa, wengi wao wa Beni, Mabalako, Katwa na Butembo. Translators without Borders walichunguza habari hii wakakuta kama watu walitaka kuelezwa kwa lugha wanayosema nyumbani, na maneno mengi ya Kifaransa na ya Kiswahili cha mbali hayakusikiwa vizuri. Mtu asiyesikia vizuri anaanza kushuku. Mtafsiri anayetupa karatasi ya dawa ndani ya mashine na kuitoa bila kusoma, anarudisha shida ileile.

Tunabakiza neno moja zito. Karatasi zinazofika kwa mwandishi wa barabarani ni za siri: nani alikimbia kijiji gani, nani anashtaki nani, nani alishuhudia mauaji. Yote unayoandika ndani ya mashine yanaenda kwenye ordinateri za watu wa mbali, na wewe hauwezi kuyarudisha. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu iko na « Code du numérique » inayolinda habari za mtu. Lakini hata bila sheria, ondoa jina, kijiji na namba ya telefone mbele ya kuuliza. Andika « mtu A, kijiji B ». Majina utayarudisha mwenyewe ku karatasi. Ni kazi ya dakika mbili, na katika inchi yenye vita kama hii inaweza kulinda maisha ya mtu.

Kwa habari ya mega: andikeni maswali yenu yote kwanza ndani ya kaye, kisha muwashe intaneti mara moja.

Zoezi kwa darasa la tano na la sita. Umulize mtu mmoja wa mtaa wenu anayejifanyia kazi ni sehemu gani ya kazi yake angependa kuipa mashine, na sehemu gani hawezi kuipa hata akilipwa. Andika majibu yake kwa lugha aliyosema, bila jina lake. Kaye ziletwe kwa kapita wa darasa mbele ya siku ya tano.