Abiria wa daladala Mwanza, mlango wa kubisha ni upi?

Malalamiko mengi ya daladala huanzia ndani ya daladala na kuishia humohumo. Mvua inanyesha, konda anaongeza mia mbili, abiria watatu wanafoka, wa nne anacheka, na wote wanalipa. Kesho yake ni vilevile. Si kwamba sheria hakuna. Sheria ipo, na ofisi za kuisimamia zipo, tena nyingi mno: kila moja imeshika kipande chake, na abiria akigonga mlango usio wake huambiwa aende kwingine mpaka achoke. Makala haya yanaeleza nani ameshika nini, kwa mfano wa Jiji la Mwanza. Msomaji wa Mbeya, Tanga au Arusha akibadilisha majina ya vituo, mengi yatamfaa.

Kwanza umbo la mji wenyewe. Mwanza imebanwa kati ya ziwa na vilima vya mawe, kwa hiyo daladala hutegemea barabara chache kubwa: Kenyatta inayoelekea Nyegezi na Buhongwa, Nyerere inayoelekea Igoma na Kisesa, na ile ya Makongoro ya kwenda uwanja wa ndege. Barabara hizo zote hukutana mjini. Gari likiharibika mahali pabaya jioni, watu wa pande mbili za mji hulala wamechelewa. Kiutawala nako mji umegawanyika. Nyegezi, Buhongwa na Igoma ziko wilaya ya Nyamagana, chini ya Halmashauri ya Jiji. Uwanja wa ndege, Buzuruga na stendi ya Nyamhongolo ziko Manispaa ya Ilemela. Ukifika Kisesa umeshaingia Magu. Kwa sensa ya 2022, Nyamagana na Ilemela pekee zilikuwa na watu zaidi ya milioni moja. Abiria mmoja anaweza kupita halmashauri tatu kwa safari moja bila kujua, na diwani wa kituo alichopandia hana kauli juu ya kituo anachoshukia.

Leseni, ruti na nauli

Haya matatu ni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019 kuchukua kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa chini ya SUMATRA. Ndiyo inayotoa leseni ya kila daladala, ikitaja gari gani liende njia ipi. Ndiyo pia inayopanga kikomo cha nauli kulingana na kilomita. Katika viwango vilivyotangazwa Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, na nauli ya mwanafunzi ikabaki 200. Viwango hubadilika, kwa hiyo kabla ya kubishana hakikisha tangazo ulilonalo ndilo la mwisho. Abiria anayebishana kwa nauli ya zamani humpa konda ushindi wa bure. Lakini lipo jambo lisilobadilika: kikomo hakipandi kwa sababu ya mvua, giza, sikukuu wala foleni.

Kosa linalowaumiza watu wengi kuliko hata nauli ni kukatisha ruti. Chukua mfano wa gari lililoandikwa Kisesa. Limefika Igoma, konda anatangaza kuwa mwisho ni hapa, na wewe wa Kisesa unatafuta gari jingine na nauli nyingine. Huo ni ukiukaji wa masharti ya leseni, na ni LATRA wa kuambiwa. Ukiwa bado garini, dai kwanza kurudishiwa sehemu ya nauli au kuhamishiwa gari jingine bila kulipa upya. Makonda wengi hukubali abiria wakidai pamoja na kwa utulivu. Matusi huwapa kisingizio cha kuwasha gari na kuondoka.

Malalamiko yanayofanyiwa kazi yana mambo manne: namba ya usajili wa gari, ruti iliyoandikwa kwenye gari, mahali, na saa. Tiketi ikiwepo, itunze. Dai upewe, kwa kuwa ni haki yako hata kama konda atakutazama kama umeomba mkopo. Namba ya gari ndiyo muhimu kuliko vyote. Sura ya konda haisaidii sana, maana leo yuko yeye na kesho yuko deiwaka wake. Leseni ni ya mwenye gari, na faini au kufungiwa kunamfikia yeye. Piga picha ya kibao cha namba ukishashuka, wala usihangaike kumrekodi mtu usoni.

Usiporidhika na majibu ya LATRA, sheria hiyohiyo iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, kwa kifupi LATRA CCC. Kazi yake ni kusimama upande wa mtumiaji. Abiria wengi hawajawahi kulisikia, wakati wenye magari wana vyama vyao na huhudhuria vikao bila kukosa.

Konda, hesabu na mwanafunzi

Bila kuelewa hesabu huwezi kuelewa daladala. Asubuhi dereva huchukua gari akijua jioni lazima ampelekee tajiri kiasi walichokubaliana. Mafuta ni juu yake. Kinachobaki ndicho chake na cha konda. Hapo ndipo zinapotoka mbio, kubananisha watu kwenye kipanya, kugeuzia njiani na kugombania abiria kituoni. Simtetei konda anayemtukana mama mwenye mtoto mgongoni. Ninachosema ni kwamba kampeni ya kuwakaripia makonda pekee haitafika mbali, kwa sababu shinikizo linatoka kwa mtu ambaye hayumo garini.

Hesabu hiyo ndiyo inayomwacha mwanafunzi kituoni. Wanafunzi watano kwa 200 ni shilingi 1,000. Watu wazima watano kwa 600 ni 3,000. Kila kiti cha mwanafunzi kwa konda ni mia nne iliyopotea, na punguzo hilo hutoka mfukoni mwa watu wa garini. Kwa maoni yangu, mpango huu unamtwisha konda mzigo ambao jamii nzima ingepaswa kuubeba, na mtoto wa Buhongwa ndiye anayeulipia kwa kuchelewa kipindi cha kwanza. Lakini wakati mpango haujabadilika, haki ni haki: mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari aliyevaa sare au mwenye kitambulisho hapaswi kukataliwa. Mzazi anayelalamika peke yake hupotea kwenye kelele. Kamati ya shule ikiandika namba za magari yanayowaacha watoto wake kwa wiki nzima, ikazipeleka LATRA na nakala kwa kikosi cha Usalama Barabarani, hapo pana ushahidi.

Kikosi hicho cha polisi ndicho chenye kazi ya mwendo kasi, kujaza kupita kiasi, gari bovu na kushusha abiria katikati ya barabara; mambo hayo yako chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Usipeleke nauli polisi, na usipeleke mwendo kasi kwa diwani. Unyanyasaji wa kingono garini ni jinai: peleka Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na abiria aliyeona akubali kutoa maelezo.

Michomoko, na siku ya ajali

Magari madogo tunayoyaita michomoko huwahi, na usiku huwa ndiyo yaliyopo. Tazama kibao. Gari la biashara lina kibao cheupe, la binafsi cha njano. Bima ya gari la binafsi haikukatwa kwa ajili ya kubeba abiria wa kulipa, na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea. Hilo huwezi kulijua kwa kuangalia kama kiti ni kizuri.

Ukiumia ndani ya daladala, hatua ya kwanza ni matibabu. Fomu ya polisi, PF3, ifuatie mapema, maana bila hiyo ni vigumu kuthibitisha baadaye kwamba jeraha lako limetokana na ajali hiyo. Andika namba ya gari, omba polisi jina la kampuni ya bima, tunza risiti zote za hospitali. Ukiwa na simu unaweza kuhakiki bima ya gari kwa namba yake ya usajili kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mtu akija wodini na fedha taslimu na karatasi ya kusaini, usisaini kabla hujajua matibabu yatagharimu kiasi gani.

Kituo, kibanda na barabara

Hapa ndipo watu huzungushwa zaidi. Barabara kuu za kuingia na kutoka mjini zinasimamiwa na TANROADS. Za mitaa na ndani ya wilaya ni za TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Stendi na usafi wake ni wa halmashauri. Kwa hiyo eneo la kusimamia magari kandokando ya Nyerere halijengwi na afisa mtendaji wa kata, hata akipenda. Ruti mpya ni LATRA tena, lakini ruti bila barabara inayopitika ni karatasi tu: gari likivunja springi mara mbili, halirudi. Mtaa wa mlimani unaotaka daladala uanze TARURA, kisha ndiyo uende LATRA.

Kabla ya kuandika barua, hesabuni. Watu wawili wakae kituoni saa kumi na moja mpaka saa moja jioni, siku tatu za kazi. Waandike kila gari lililopita, lililosimama, lililopita limejaa, na idadi ya watu waliobaki. Muandike pia mzee au mtu mwenye ulemavu aliyeshindwa kupanda. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki, ila ofisi haiwezi kuhangaikia watu ambao hawajahesabiwa na yeyote. Karatasi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko sahihi mia mbili chini ya maneno "tunateseka".

Ipelekeni kwenye mkutano wa mtaa, iingie kwenye muhtasari, mwenyekiti asaini, diwani apewe nakala. Angalieni kalenda: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mipango ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla. Ombi la kibanda cha abiria linaloletwa Mei limechelewa; la Oktoba lina nafasi.

Wenye magari wakiomba kupandisha nauli, LATRA hukusanya maoni ya wadau kabla ya kuamua. Mkutano huo ni wa wazi, na abiria asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Msiende kusema tu kwamba maisha ni magumu, kwa sababu upande wa pili nao utasema mafuta yamepanda, na ni kweli. Nendeni na karatasi ya kituoni: kama gari linakatisha ruti na abiria analipa mara mbili, nauli halisi ya Kisesa tayari iko juu ya iliyotangazwa. Maoni yapelekeni pia kwa maandishi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ndiyo mtakayorudi nayo baada ya mwezi mmoja kuulizia majibu.