Kusimama dukani kutwa si kutembea

*Daktari, nina miaka 46 na duka la nguo mjini Nakuru. Nasimama kutwa, jioni napanda bodaboda hadi nyumbani, mtaa wa Section 58. Presha imeanza kupanda. Je, uchovu huu si mazoezi tosha?*
*Mama wa Duka, Nakuru*

Mama, uchovu wako ni wa kweli, lakini kusimama hakuupi moyo kazi ya kutosha: damu hutuama miguuni, kwa kuwa misuli inayoisukuma irudi juu imetulia. Ukitembea, misuli hiyo huamka, mishipa hulegea na presha hushuka polepole. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Hatua 10,000 kwa siku si sharti. Idadi hiyo ilienezwa na kipima hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960.

Utasema huna muda, na usiku njia si salama. Basi asubuhi shuka bodaboda mapema, utembee dakika 15 kwa mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Mchana ongeza 15. Pima presha kila wiki, wala usiache dawa ulizoandikiwa. Kifua kikibana au ukiishiwa pumzi, simama, nenda hospitali mara moja.